Faili la Kumi

Diski ilikuwa na nyimbo tisa. Mumewe alikuwa ameziandika juu ya jalada kwa mkono, moja hadi tisa, kwa mwandiko wake wa ujanani. Kompyuta ilipomaliza kunakili, mafaili yakawa kumi.

Karani hakushtuka. Kazini kwake, maktabani, alishinda akihamishia diski za zamani kwenye kompyuta, na alijua programu hizi zina kiherehere: unanakili nyimbo, zenyewe zinakuongezea picha ya jalada, orodha, na vikorokoro visivyo na kichwa wala miguu. Dawa yake ni kufuta. Akalifuta faili la kumi, akaingiza diski ya pili.

Yakawa kumi tena.

Diski hizo alizikuta juu ya kabati, saba, ndani ya boksi lililozungushiwa utepe wa gundi mara nyingi kupita kiasi. Mumewe, mwalimu wa muziki, alizirekodi kabla hawajaoana, yeye na gitaa lake tu. Karani alitaka kumfurahisha kabla hazijaharibika, ndiyo maana alikuwa ameikalia kazi hiyo mchana kutwa, siku yake ya mapumziko, Mwalimu akiwa shuleni.

Faili la kumi la diski ya tatu lilikataa kufutika. Analifuta, linarudi. Akavaa hedfoni, akalifungua.

Kwanza kimya. Kisha mwanamke akacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyejinyoosha kitandani asiye na haraka, akamwita Mwalimu kwa jina lake la utotoni.

Damu ikamchemka karani. Hofu ilikuwa bado haijafika. Kilichomkaba ni wivu mtupu. Akasikiliza tena, na tena, akipima umri wa mwanamke yule, uzuri wake, alivyozoea kulitamka jina lile.

Mwalimu aliporudi hakupewa hata pole ya kazi.

"Huyu nani?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Mwalimu. Huyu anayecheka!"

Akamvisha hedfoni. Mwalimu akasikiliza, akazivua polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Umezifungua diski ngapi?" akanong'ona.

"Nakuuliza nani, unaniuliza ngapi?"

"Bibie, nakuomba, punguza sauti. Anasikia."

Hapo ndipo ilipoingia harufu, ya maua yaliyooza ndani ya maji ya chombo, ikajaa sebule nzima ilhali hawakuwa na ua hata moja nyumbani, na kompyuta, ambayo haikuwa na diski ndani, ikaanza kunguruma na kunakili yenyewe, kumi na moja, kumi na mbili, ishirini, orodha ikishuka mbio kwenye kioo mpaka macho yakashindwa kuifuata, na kutoka kwenye spika karani akajisikia mwenyewe akiuliza, "Huyu nani?", kwa ukali uleule wa dakika iliyopita, na sauti ya yule mwingine ikamjibu taratibu, karibu kabisa na sikio lake:

"Mimi ndiye niliyekutangulia."

Mwalimu akachomoa waya ukutani. Akakaa chini sakafuni.

"Nilikuwa na miaka ishirini," akasema. "Narekodi peke yangu, nikasikia mtu ananiitikia. Sikuogopa. Nilimwomba abaki. Nilipokuchumbia nikazifunga diski, nikadhani yameisha."

Asubuhi karani alifungua kinywa ili amwambie mumewe amwite shangazi yake, mganga wa majini. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, pumzi tupu. Na akiwa amesimama hivyo pembeni ya kitanda, amefumba mdomo, mkono kooni, wote wawili wakasikia sauti yake, yake kabisa, pamoja na kile kikwaruzo kidogo cha asubuhi, ikiita kutoka sebuleni kwa mahaba ambayo yeye hakuwahi kuyatia katika wito wa chai:

"Mwalimu! Njoo unywe chai, inapoa."

Karani aliandika ombi lake kwenye karatasi, Mwalimu akampigia shangazi yake simu, naye akafika kabla ya saa tatu. Hakuuliza mengi. Alinusa hewa, akaagiza madirisha yafunguliwe, akaweka beseni la maji mbele ya Mwalimu na diski saba kando yake.

"Mimi siwezi kulitoa jini hili," akasema. "Si mimi niliyelikaribisha. Wewe uliliambia libaki, wewe utaliambia liende. Vunja moja moja, zamisha, na mwisho utamke."

Mwalimu akavunja. Kila diski ilipozama, mwanamke alilia mahali fulani ukutani, mara kwa sauti yake, mara kwa sauti ya karani. Ya saba ilipokwisha, Mwalimu alibaki akiyatazama maji.

"Tamka, baba," shangazi akahimiza.

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Akainama karibu na maji.

"Nenda, mpenzi," akasema. "Nisamehe. Nenda."

Harufu ikakatika papo hapo. Maji yakatulia.

Karani alikuwa amesimama mlangoni. Miaka sita ya ndoa, mumewe hakuwahi kumwita hivyo, wala kumwambia lolote kwa upole ule.

"Limetoka," shangazi akasema, akimgeukia. "Hebu sema kitu, mwanangu, tukusikie."

Sauti ilikuwa imerudi. Aliihisi ikimjaa kooni, nzima, iko tayari. Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa bado ameinamia beseni, na hakusema kitu.