Pumzi ya Redio

Saa kumi na mbili jioni fundi cherehani alifunika mashine yake kwa shuka, akafunga kamba za raba, akatoka kwenda kukimbia. Alikuwa na kilomita nane za kumaliza kabla giza halijakolea. Hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mtu wa kukaa kitini kutwa akishona sare za shule, mpaka miguu ikavimba na muuguzi wa zahanati akamwambia bila kumung'unya maneno: tembea, kimbia, fanya utakalo, ila kiti hicho kitakuua.

Aliyemwandikisha nusu marathoni ni mdogo wake, mkata vitambaa na mbandika vifungo wa ushonaji wao wa nyumbani. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alijaza fomu mbili, yake na ya dada yake. Siku ya pili ya mazoezi, ya kwake akaitelekeza.

"Kilomita ishirini na moja, dada? Hata gari linapumzika," alisema, pini zimejaa mdomoni. "Wewe kimbia. Mimi nitakushangilia kwa niaba ya ukoo."

"Wewe kazi yako mdomo tu."

"Na ninaifanya vizuri. Nenda, jua linazama."

Walikuwa wawili tu duniani. Wazazi walishatangulia zamani, na Redio alikulia mgongoni kwa dada yake, akibembelezwa kwa mlio wa cherehani.

Jioni hiyo, kwenye mwinuko wa kilima cha tangi la maji, pumzi ilimwishia fundi. Akainama, mikono magotini, kifua kikiwaka. Kila alipotoa hewa, kimluzi chembamba kilisikika mwishoni, kile alichozaliwa nacho.

"Unapumua vibaya, mwenzangu."

Mwanamke mwembamba alisimama ubavuni pake. Hakumsikia akija. Fulana yake ilikuwa ya mbio za miaka mingi nyuma, namba ya kifuani imepauka haisomeki, pini zake nne zimeshika kutu. Alinuka kama kabati lililofungwa muda mrefu. Na alikuwa amepanda kilima kile chote, lakini kifua chake... kilikuwa kimetulia kama ubao.

Fundi hakupenda kufundishwa na mtu asiyemjua. "Kama pumzi yangu ni mbovu, ichukue wewe," alimjibu kwa kejeli.

"Nichukue kweli?"

"Chukua, uniondokee."

Mwanamke akamsogelea, karibu kama mtu anayetaka kunong'ona siri. Akavuta hewa mbele ya uso wake. Mara moja tu. Ndefu... ndefu mno. Halafu akaondoka mbio, akapotelea nyuma ya tangi.

Fundi akamfuata, hasira juu, amuulize ni adabu gani ile. Hakumwona. Alichogundua, amefika kileleni na kifua ni chepesi kama cha mtoto. Akamaliza kilomita zake nane bila kusimama.

Wiki ile akakimbia kumi. Iliyofuata, kumi na nne. Alirudi nyumbani akiimba, jasho likimtiririka, akajisifu hadi kwa wateja.

Redio ndiye aliyeanza kukatika maneno.

"Dada... yule mama wa sketi... za bluu... amepita."

"Sema vizuri, unaninunia?"

"Sinuni... Nimechoka tu."

Wakaenda zahanati. Muuguzi akamwekea kipimo mgongoni, huku, kule, akarudia tena. "Kifua kisafi," akasema. "Sioni kitu."

Alhamisi mvua ilinyesha, fundi hakutoka. Jioni nzima Redio aliongea. Akawasengenya wateja wote mmoja mmoja, akaiga mwalimu mkuu anavyopimwa kiuno huku amebana tumbo, wakacheka mpaka machozi. Ila katikati ya kicheko cha dada yake, Redio alishika meza ghafla. Fundi hakulitilia maanani.

Ijumaa akakimbia kumi na sita. Aliporudi alimkuta mdogo wake amelala juu ya meza ya kukatia, shavu kwenye kitambaa, midomo rangi ya majivu.

"Ulisimama kidogo... pale kwenye tangi," Redio alinong'ona. "Nikapata nafuu. Halafu... ukaanza tena."

"Nani kakwambia?"

"Kile kilima nakipanda na wewe, dada. Kila siku... nakipanda na wewe."

Fundi akakaa sakafuni na raba zake za matope.

Akaacha kukimbia. Haikusaidia. Akikanyaga cherehani kwa haraka, Redio alihema. Akinyanyua ndoo, Redio aliegemea ukuta. Akawa anakaa bila kutikisika, akivuta hewa kidogo kidogo kama mwizi, na hata hiyo aliona inatoka wapi.

Jumapili Redio hakusema neno tangu asubuhi. Nyumba ile haikuwahi kuwa kimya namna hiyo. Jua lilipoanza kushuka, fundi alimwita jirani yao muuza mkaa akae na mgonjwa, akapanda kilima taratibu, hatua kwa hatua.

Alimsikia kabla hajamwona.

Kimluzi. Chembamba, mwishoni mwa pumzi.

Mwanamke alikuwa chini ya tangi, amempa mgongo, mabega yakipanda na kushuka kwa raha.

"Nirudishie," fundi alisema.

Mwanamke akatimua mbio.

Fundi akamfukuza. Hakufika hata hatua ishirini, simu ikaita mfukoni. Muuza mkaa. "Rudi upesi. Mdogo wako anageuza macho."

Mbele, fulana iliyopauka ilikuwa inateremka upande wa pili. Akisimama, pumzi yake inapotea. Akikimbia, anammaliza Redio.

Akafunga mdomo. Akabana pua kwa vidole viwili.

Akakimbia.

Nguzo ya umeme ya kwanza. Ya pili. Kifua kikawaka moto. Ya tatu, masikio yakavuma. Ya nne, dunia ikawa nyekundu. Ya tano...

Maumivu yakaisha.

Hayakupungua. Yaliisha, kama mtu ameng'oa waya ukutani. Miguu ikaendelea yenyewe. Vidole vikaachia pua, na hakuna hewa iliyoingia, na hakuna iliyohitajika.

Mwanamke akasikia ukimya ule wa pumzi. Akasimama, akageuka. Machoni mwake hamkuwa na ubaya. Alimtazama fundi kama mtu anayetazama picha yake ya zamani.

"Una nani nyumbani?" akauliza polepole. "Mimi nilikuwa na mwanangu. Nilibana pumzi hivyohivyo. Nikabana, nikabana... mpaka yeye akazeeka, akazikwa. Ndipo nikaja hapa kusubiri mtu wa kunipa yake." Akarudi nyuma hatua moja. "Usinidai. Siwezi kurudi kule ulipo sasa."

Fundi akanyoosha mkono. Ulishika hewa tupu.

Alipofika nyumbani sauti ilimpokea kabla ya mlango. Redio alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia, anamsimulia muuza mkaa kisa kirefu kisicho na kichwa wala miguu. Midomo ilikuwa na rangi yake.

"Huyo hapo! Dada, ulikuwa wapi? Nimeamka tu, kifua kimefunguka, ni kama mtu kaniondolea gunia. Umekimbia ngapi leo?"

Fundi alisimama mlangoni. Mtu hawezi kutoa neno bila kwanza kuvuta hewa. Akatabasamu.

"Sema basi. Dada? Mbona hunijibu?"

Akatikisa kichwa, akapita, akaketi kwenye cherehani.

"Ameninunia," Redio alimwambia jirani, akicheka. "Haya, nitaongea peke yangu, nimezoea."

Akaongea. Fundi akakanyaga cherehani, polepole, akimsikiliza, midomo ameibana. Alishona mshono mmoja, akashona wa pili.

Katikati ya mshono wa tatu, ndani kabisa ya kifua, hamu ya kuvuta hewa ikaanza kumrudia.