Nilivyonyamaza Manaslu

Jioni ile nilitoka kwenye hema kwenda kuteka maji. Nasema maji kwa mazoea ya mtu aliyezaliwa Zuzu, Dodoma, ambako maji ni safari. Kule Nepal, juu ya mlima Manaslu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, unatoka na mfuko na koleo, unachimba theluji safi mbali na mahema, unarudi kuiyeyusha kwenye jiko la gesi. Kwa mtu aliye bondeni ni kazi nyepesi. Kwa urefu ule, kila nikijaza koleo nilikaa kwanza nikahema kama mgonjwa.

Jua lilikuwa linazama. Upepo ulikuwa umetulia. Nimeinama, nachimba.

"Mazengo..."

Nikainuka. Sauti ilitoka juu, kwenye mteremko ambao usiku ule tungeanza kuupanda kwenda kileleni. Hapakuwa na mtu. Hata alama ya kiatu haikuwapo.

"Mazengo..."

Hapo ndipo ikanijia harufu. Moshi wa samadi. Nyumbani wafugaji huichoma jioni kando ya zizi kufukuza mbu, na mtoto wa Dodoma hawezi kuikosea harufu hiyo hata umfunge macho. Lakini Manaslu? Kule hakuna ng'ombe, hakuna mbu, hakuna jani. Kule hakunuki kitu chochote.

"Mazengo..."

Nikafumba mdomo mpaka meno yakauma.

Kwetu mtoto hufundishwa hivi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jina lako likitoka gizani na humwoni anayeita, usiitike. Atakayeitika amejitoa mwenyewe kwa wachawi. Mjomba wangu Cornel aliitwa magharibi moja akiwa anakula. Akajibu "Naam!" na tonge mkononi, akatoka. Walimkuta amekaa nyuma ya zizi, mdomo wazi, umejaa mchanga. Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliuona ule mdomo. Sasa niambie, wewe ungeitika?

Nilirudi kwenye hema mbio, kama mbio ni neno la kutumia kwa mtu anayepumzika kila hatua tatu. Hanifu alikuwa ndani, amejifunika mpaka kidevuni, anahangaika na jiko.

"Umeniita?" nikamuuliza.

"Nikuite nina shida gani? Umekaa huko utadhani unachimba kisima."

Hanifu ndiye aliyenifikisha kule. Ni Mrangi wa Kolo, kule Kondoa. Tulijuana Kilimanjaro tukibeba mizigo ya wazungu kichwani, wagumu kama tunavyojiita wapagazi, kisha tukawa waongozaji. Yeye ndiye aliyetafuta wafadhili, yeye ndiye aliyejaza fomu zote, yeye ndiye aliyesema watu wa nchi kame nao wakaone barafu. Alikuwa mtani wa kupindukia. Lakini nilipomweleza nilichosikia, utani ulimtoka.

"Umeitika?" alinong'ona.

"Thubutu!"

"Usiitike. Hata kwetu ni hivyohivyo." Akashika filimbi iliyoning'inia shingoni kwake. Kila mmoja wetu alikuwa nayo, kwa ajili ya hatari. "Tukipotezana kesho, mimi nitapiga hii. Ukisikia jina, ujue si mimi."

Ni maneno yake hayo, si yangu. Nimeyarudia mara nyingi sana tangu siku ile, na hayajawahi kunisaidia kupata usingizi.

Tuliondoka usiku tukiwa watatu: mimi, Hanifu, na Pasang, mwongozaji wetu Mnepali. Sitawadanganya kwamba niliona uzuri. Niliona visigino vya Pasang. Niliona vyuma vya viatu vyangu vikiuma barafu, nikasikia pumzi yangu ikikoroma ndani ya barakoa ya oksijeni. Unapiga hatua, unapumua, unapiga nyingine. Kulikucha, jua likatuchoma upande mmoja na baridi ikatuchoma upande wa pili. Tulifika kileleni mchana, tumechelewa, na Pasang hakuficha hasira yake. Hanifu alipiga magoti, akasujudu juu ya ile ncha nyembamba ya theluji, akainuka machozi yamemgandia kwenye kope.

"Mazengo, Dodoma iko wapi kutokea hapa?"

Nikanyoosha kidole popote. Akapunga mkono huko. Tukacheka wote wawili.

Ukungu ulitukuta njiani tukishuka. Haukuja kutoka mbali, ulipanda kutoka chini ya miguu yetu, na mara kila kitu kikawa cheupe. Pasang alikuwa mbele. Mimi katikati. Hanifu nyuma. Kulikuwa na kamba ndefu iliyofungwa mlimani, na kila mtu alijifunga kwayo kwa kulabu, akiifungua na kuifunga upya kila penye kigingi. Nikigeuka nilikuwa naliona koti lake jekundu. Nikageuka tena, nikaliona. Nikageuka tena.

Hakuna koti.

Nikasimama. Nikasikiliza filimbi. Kimya.

Halafu...

"Mazengo..."

Sauti ilitoka kushoto, nje kabisa ya kamba, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kwenda. Ilikuwa ya Hanifu. Lakini na ile ya jana ilikuwa ya Hanifu pia, wakati mwenyewe yuko ndani ya hema anachemsha chai! Na moshi wa samadi ukanijia, mzito, ukapenya mpaka ndani ya barakoa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kulabu. Naukumbuka. Ningeifungua kulabu ile ningeweza kwenda kuangalia. Au ningesema neno moja tu, nikiwa palepale, bila kujiondoa kwenye kamba. Naam. Basi.

"Mazengo... nimekaa hapa. Sikuoni."

Nikamwona mjomba Cornel na mdomo wake.

"Mazengo, ndugu yangu..."

Sauti hii ya tatu ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka. Nilijiziba masikio kwa mikono yote miwili, na glovu zake nene, nikasimama hivyo muda mrefu. Nilipoiachia mikono kulikuwa na upepo tu. Nikashuka.

Kambini Pasang aliniwekea supu mkononi.

"Mwenzako?"

"Yuko nyuma. Anakuja."

"Umemsikia?"

Tulikuwa tukizungumza Kiingereza cha kuunga-unga, lakini swali hilo lilikuwa wazi kuliko maji. Ningemwambia nimesikia jina langu likiitwa nikanyamaza, angenionaje? Mwongozaji mzima, mtu aliyepandisha mamia ya wageni Kilimanjaro, nimemwogopa mchawi wa Zuzu huku Nepal?

"Hapana," nikasema. "Sijasikia kitu."

Pasang alitoa kichwa nje, akasikiliza sana. "Angekuwa ameita ningepanda," alisema. "Mlimani mtu akiita unaitika. Hata kama ni pepo, unaitika. Aliyepotea hufuata sauti."

Nikanywa supu. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Alfajiri ukungu ulipoinuka, Pasang alipanda, akarudi peke yake. Alimkuta Hanifu amekaa hatua chache tu kutoka kwenye kamba aliyoipoteza alipofungua kulabu penye kigingi, mbele ya shimo alilokuwa ameogopa kulivuka bila kuona. Uso wake ulielekea pale niliposimama. Filimbi ilikuwa mdomoni, imejaa barafu. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa imeganda ndani yake. Alipuliza, haikulia. Ndipo akaniita kwa jina.

Hatukuweza kumshusha. Mlima ule haurudishi watu kirahisi. Pasang alimfunika kwa hema, akanipa kofia ya marehemu.

Niliporudi Tanzania nilikaa Dodoma nikitafuta sababu za kutokwenda Kolo. Gari zimejaa. Naumwa. Vidole vyangu bado havijapona. Watu wa mjini walinipa pole, wakanisifu, wakataka picha. Mwishowe nikajionea aibu, nikapanda basi asubuhi moja, na jioni nikawa nimekaa kwenye kigoda barazani kwa mama yake Hanifu, kofia ya mwanawe mapajani mwangu. Nilikuja na jambo moja tu: kumwambia ukweli. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alikuwa mjane, mwembamba, sauti yake ya chini. Aliichukua kofia, akainusa, akaiweka kifuani. Nyuma ya nyumba, kando ya zizi, samadi ilikuwa imeshawashwa. Moshi wake ukatufikia.

"Kuna neno linaniua," alisema kabla sijafungua mdomo. "Sijamwambia mtu. Wewe ulikuwa ndugu yake, nitakwambia wewe."

Nikanyamaza. Kazi ninayoijua.

"Siku ile alipokufa, magharibi, nilikuwa pale zizini nachochea moto. Nikamsikia. 'Mama...' Mwanangu kabisa, Mazengo. Nami najua yuko ng'ambo! Nikasema moyoni, hawa ni wachawi. Akaita tena. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Si ndivyo tulivyofundishwa?" Akanitazama. "Ningemwitikia angepona?"

Nilichofanya badala ya kumjibu ni hesabu. Kolo kukiwa magharibi, kule Nepal giza limeshakuwa nene. Maana yake nilipokuwa nimemaliza supu na kuingia kwenye begi la kulalia, Hanifu alikuwa bado hai. Alikuwa bado anaita. Mimi niliponyamaza, alikwenda kumtafuta mama yake.

Yule mama alikuwa ananisubiri. Sentensi moja ingemtua mzigo ule wote: aliniita mimi kwanza, mama, na mimi nilikuwa karibu. Ilikuwa ulimini.

"Sijui, mama," nikasema.

Ng'ombe wakaacha kutafuna. Ndivyo nilivyojua. Zizi zima likawa kimya, na moshi ukasimama wima.

"Mama..."

Ilitoka nyuma ya zizi.

Mama Hanifu hakusita hata kidogo. Aliinuka kofia kifuani, akasema kwa sauti kubwa iliyopasuka, "Abee! Abee, mwanangu!" Akaenda pekupeku, akapotea kwenye moshi.

Niliwasikia. Sauti mbili. Ya kwake ikiuliza, nyingine ikijibu taratibu. Sikushika maneno. Nilishika kigoda.

Alirudi akitembea taratibu. Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimelowa, na katikati ya vidole vyake kulikuwa na chembe nyeupe zikiyeyuka.

"Kumbe alikuita," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mara tatu."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Alinisukuma taratibu kuelekea kwenye moshi, kama unavyomsukuma mtoto mwenye aibu akasalimie wageni.

"Hana kinyongo na wewe. Anataka umwitikie tu, apate njia. Neno moja, baba. Mimi nimeitika, umeona nimekufa?"

"Mazengo..."

Uchovu uleule. Hatua chache tu kutoka nilipokuwa.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Halafu nikamwona Cornel, nikaona mchanga, na kabla sijajua ninachofanya mikono ilikuwa imeshapanda masikioni. Nikajiinamia hivyo, mtu mzima, mbele ya mama wa marehemu.

Nilipoiachia, ng'ombe walikuwa wanatafuna. Mama Hanifu alikuwa amekaa chini, analia bila sauti.

"Ameondoka," alisema. "Amesema hatakuita tena."

Hakuniaga nilipoondoka.

Hanifu alitimiza neno lake. Nimerudi Dodoma, nimepanga chumba pembezoni mwa mji, karibu na mashamba ya zabibu, na hakuna anayeniita. Ukimya huo nilidhani ungekuwa faraja. Siuwezi. Kwa hiyo kila magharibi natoka nje, nageukia shambani, nasema, "Naam, Hanifu. Naam, ndugu yangu. Nipo." Mwenye nyumba ameshaniuliza kama nina mtu wa kwetu wa kunipeleka hospitali. Wapangaji wenzangu huingiza watoto ndani.

Nilifanya hivyo kwa miezi bila kujibiwa. Jana nilisema tena, "Naam." Upepo ulikuwa umetulia, na gizani, katikati ya mizabibu, mtu akakohoa.

"Mazengo," akasema, karibu sana.

Haikuwa sauti ya Hanifu. Na mimi nilikuwa nimeshaitika.