Sauti Isiyopungua

Raudha aliishusha volyumu mpaka mwisho, lakini yule mwanamke aliendelea kulia masikioni mwake vilevile.

Ilikuwa saa nane mchana, Mbagala. Studio ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta na mlango vimefunikwa sponji ili kelele za barabarani zisiingie. Mwenzake, Venance, alikuwa chumba cha mbele na wateja.

Kazi ilitoka kwa Bi Somoe, mganga wa Tandika. Alimrekodi mwanamke huyo, mgonjwa wake, kwa simu wakati akimpunga jini, na ndugu walitaka sauti isafishwe, wasikie jini lilidai nini.

"Kwani limetoka, bibi?" Raudha alimuuliza asubuhi ile.

"Kwake limetoka, mwanangu. Lilikokwenda ndiyo sijui."

Sasa Raudha akafanya kama anavyofanya siku zote mitambo ikigoma. Akafunga programu, akaifungua upya. Akaangalia volyumu ya kompyuta yenyewe: sifuri. Akabadilisha hedifoni, kisha akazivua kabisa na kuchomoa waya za spika. Kilio kikageuka kicheko, na chumba kikanuka ubani uliochanganyika na nywele zilizoungua.

"Venance!" aliita. "Hebu njoo!"

Hakuisikia sauti yake. Koo lilitetemeka, midomo ilicheza, lakini hakikutoka kitu. Akakimbilia mlangoni, kitasa kikazunguka bure mkononi, akapiga ngumi na sponji ikazimeza zote, akapiga ukelele mpaka kifua kikamuuma, na alipogeuka akaona kwenye skrini mstari wa kijani unaoonyesha sauti ukipanda na kushuka kwa kufuata ukelele wake mwenyewe, juu ya volyumu iliyosimama sifuri, ndipo akatambua kwamba muda wote ule alikuwa akiishusha sauti yake.

"Pandisha basi," sauti ile iliyokuwa ikicheka ikanong'ona karibu na shingo yake. "Ukipandisha, tunatoka wote."

Akapandisha kidogo. Sauti yake ikasikika kwa mbali, kama ya mtu aliye kisimani, na papo hapo vidole vya moto vikamshika mabega, vikaanza kumpanda kichwani taratibu kama mtu anayepanda ngazi, hata macho yake yakaanza kuona chumba kwa urefu ambao hakuwa nao. Akairudisha sifuri. Vikamwachia.

Venance alipofungua mlango alasiri kumletea chai, alimkuta amekaa sakafuni, kucha zimejaa vipande vya sponji, damu ikimtoka vidoleni.

Bi Somoe, aliyepigiwa simu na Venance, alifika kabla ya magharibi. Akafukiza, akasoma, akaliamuru jini lile kwa jina lake mara saba, jasho likimtiririka. Harufu ya nywele ikakatika. Chumba kikapoa.

"Limeondoka," alisema akihema.

"Dada Raudha, upo sawa?" Venance aliuliza.

Raudha akafumbua mdomo kujibu. Kimya. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

"Bibi, mbona hasemi?"

Bi Somoe alikuwa akiitazama kompyuta. Venance naye akatazama: mstari wa kijani ulikuwa ukirukaruka. Akashika kipanya, akapandisha volyumu kidogo tu, na Raudha akamdaka mkono kwa nguvu, akitikisa kichwa, mdomo ameufumba.

Sauti ya Raudha ikatoka humo kompyutani, ndogo, inatetemeka:

"Usipandishe, Venance. Bado lipo na mie humu."