Kumi kwa Vitumbua vya Mama Blessing

Kila Jumamosi asubuhi Ilham alimsaidia mama yake kukunja nguo za jumla katika chumba chao cha kupanga huko Sanyuanli, jijini Guangzhou, nchini China. Gauni baada ya gauni, mikono ndani, kola juu, kisha zote zinashindiliwa kwenye mfuko mkubwa wa nailoni, tayari kusafirishwa Dar es Salaam. Kazi ikiisha, Ilham alipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kwa rafiki yake, Blessing. Huko hakukosa chai ya tangawizi na vitumbua vya moto.

Vitumbua hivyo vilipikwa na Dainess, mama yake Blessing, mwenyeji wa Mbeya. Jioni aliroweka mchele, asubuhi akausaga pamoja na tui la nazi, akatia sukari, hamira na iliki, tena iliki nyingi. Rojo likishaumuka, alilimimina kwenye chuma chake chenye mashimo, akageuza kimoja kimoja kwa kijiti. Wafanyabiashara waliokuja kununua nguo katika mtaa wa Guangyuan Xilu walivifuata mpaka mlangoni.

Mwaka huo kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kikitafuta wapishi wageni wa kushiriki shindano la mapishi. Mama Blessing akajiandikisha.

"Nikichaguliwa," alisema huku akimimina chai, "watu wa jiji hili watakijua chakula chetu. Na huo mgahawa ninaouota kila siku, huenda nikaufungua."

Usaili ulikuwa na utaratibu wake. Wapishi walipika nyuma ya ukuta, na sahani zilitoka zikiwa na namba tu, bila majina. Waonjaji walikuwa watoto watatu, kwa sababu kipindi kilihusu vyakula vya watoto. Kituo kiliomba mtoto mmoja kutoka shule ya Ilham, na mwalimu akamteua yeye.

Blessing aliposikia aliruka juu. "Wewe tena? Basi tumeshinda! Vya mama utavijua kwa iliki. Inua kadi ya kumi."

"Na kama kuna kitamu zaidi?"

"Kitamu kuliko vya mama? Ilham, umevila vingapi humu ndani? Leo ndiyo unajifanya hakimu?"

Ilham alicheka, lakini hakukataa.

Siku ya usaili waonjaji waliketi nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na kadi zake, kuanzia moja hadi kumi. Msimamizi wa kuchagua wapishi, Bi Lin, alizungumza nao Kichina. Ilham alikielewa vizuri, maana ndicho alichosomea shuleni.

Sahani ya kwanza ilikuwa mkate wa kumimina, laini, wenye vitundu vidogo vidogo. Ilham aliufurahia sana. Hata hivyo aliinua saba, ingawa moyoni alijua ulistahili tisa. Kumi yake alikuwa ameiweka kando.

Sahani ya pili ilipoletwa, harufu ya iliki ilifika kabla ya sahani yenyewe. Ilham akatabasamu, akang'ata. Nje kitumbua kilikuwa cha rangi ya dhahabu, lakini ndani kilivutika kama bazoka ya kutafuna, kikanasa kwenye meno. Mvulana wa Kichina aliyekaa karibu naye alikuwa akihangaika kutoa kipande kwa ulimi.

"Mpishi huyu anataka tunyamaze mpaka jioni?" alinong'ona.

Ilham alilitambua kosa. Katika maduka ya hapo kuna unga wa mchele wa aina mbili, na pakiti zake hufanana. Aina moja ni ya mchele wa kunata, unaotumika kutengeneza madonge matamu ya Kichina ya kuchemsha. Hata mama yake Ilham aliwahi kuununua kwa kutojua, akamwaga rojo lote. Lakini Mama Blessing, aliyezoea kusaga mchele wake mwenyewe, imekuwaje leo?

Wenzake waliinua tatu na nne. Ilham akainua kumi.

"Kumi!" alisema Bi Lin. "Haya, eleza sababu, tumpelekee mpishi maneno yako. Akipita, wiki ijayo atapika hiki hiki mbele ya kamera, na majaji wa huko hawana huruma."

Ilham aliiwaza hiyo wiki ijayo. Alimwona Mama Blessing amesimama mbele ya jiji zima, majaji wakijichokonoa meno. Akamwona na yule mpishi wa mkate, asiyemjua, ambaye yeye alikuwa amempunja alama. Akaishusha kadi.

"Nimedanganya," alisema. "Mpishi huyu namjua, ni mama wa rafiki yangu. Vitumbua vinanata. Nadhani ametumia unga wa mchele wa kunata. Vinastahili tatu. Na ule mkate ulikuwa wa tisa."

Bi Lin alizikusanya kadi za Ilham taratibu. "Anayemjua mpishi haonji. Ungesema mapema." Akaingia jikoni, akarudi na pakiti ya unga. Kweli, ulikuwa wa kunata. Nafasi ikaenda kwa Safia, mpishi wa mkate.

Nje kwenye korido Blessing, aliyemsindikiza mama yake na kusikia yote mlangoni, alikuwa akilia. "Rafiki gani wewe! Sahani moja tu imekushinda!"

Mama Blessing akatokea akifuta mikono.

"Shikamoo, mama," alisema Ilham, macho chini. "Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Blessing, hebu onja hiki."

Blessing akatia kitumbua kinywani. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Alitaka kusema, taya zikagoma.

"Jibu basi, mtetezi wangu!" mama yake akamtania. Wote watatu wakacheka, Blessing kwa shida.

"Walisema kila kitu kiandaliwe hapa hapa," Mama Blessing akaeleza, "nami bila kuuliza nikakimbilia unga wa dukani. Kwa haraka sikuonja hata kimoja. Kumbe mchele uliorowekwa unaruhusiwa, mradi nisagie humu. Bi Lin amesema nirudi mwezi ujao, kwenye usaili mwingine."

Alirudi na mchele wake uliorowekwa. Safari hiyo walionja watoto wengine, na Ilham alibaki ghorofa ya chini na Blessing, wameshikana mikono. Mama Blessing aliposhuka, hawakuhitaji kumuuliza. Uso wake ulisema amechaguliwa.

Aliwavuta wote wawili kwake. "Ilham, kumi yako ingenipeleka kwenye aibu nikiwa sijui kosa langu. Tatu yako imenirudisha jikoni nikalirekebisha. Na Safia naye amepata haki yake. Wanangu, ukimpenda mtu, mwambie kweli mapema, angali na nafasi ya kujirekebisha."