Sponji ya Daktari

“Mpole. Sponji yao imejaa.”

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidude kilichofichwa ndani kabisa ya sikio la kushoto la Mpole.

“Una uhakika?”

“Daktari kapiga simu hapo dukani kwenu sasa hivi, mwenye duka kapokea. Printa zote mbili zimegoma, taa nyekundu zinawaka na kuzima. Anatuma gari.”

“Hatimaye,” alisema Mpole.

Akafuta bisibisi kwenye aproni. Kwa wiki nyingi alikuwa amejibanza kwenye duka hili la kutengeneza printa, la pekee mjini, akijifanya fundi wa kike mwenye njaa ya kazi, na kule ofisini polisi wenzake walimcheka mpaka machozi. Mlenga shabaha bora wa idara, anakaa kuchomoa karatasi zilizokwama! Waache wacheke. Wao ndio waliovamia nyumba ya kwanza ya yule mtu, na mbwa, na bunduki, na makelele mengi. Wakatoka na kadi za harusi tu, alizokuwa akizichapa kama kisingizio.

Yule mtu alijiita Daktari. Hakuwahi kutibu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kujaza maji ya bomba kwenye vichupa, kuvibandika lebo safi kuliko za kiwandani, na kuviingiza hospitalini kama dawa ya sindano ya watoto. Baada ya uvamizi ule alihama, na hakuna aliyejua alikohamia. Vichupa havikuonekana popote. Bila vichupa, hakuna kesi.

Lakini lebo zinataka printa, na printa ya wino ina tumbo. Kila inaposafisha kichwa chake hutema wino, na wino huo mchafu hunyonywa na sponji iliyoko chini. Ndani ya printa kaunta inahesabu kila tone. Hesabu ikitimia, mashine inajifunga na haichapi hata nukta. Polisi Daktari aliweza kuwakwepa. Sponji asingeikwepa, na Mpole alijua siku hiyo itakuja.

Land Cruiser nyeusi ikasimama mlangoni. Dereva alikuwa jitu lenye kichwa cha mraba, lisilo na shingo. Walimwita Tofali, na hawakumwonea.

“Wewe ndiye fundi?”

“Ndiye.”

“Leta simu. Panda.”

Akampekua, akamfunga kitambaa machoni. Mkoba wa vifaa akautikisa tu, kana kwamba bomu lingelia njuga. Bisibisi kubwa yenye mpini wa manjano hakuigusa. Ndani ya mpini ule kulikuwa na kinasa sauti na kifaa kilichomwonyesha Mkuu kila kona waliyokata. Mlinzi wa namna hii mshahara wake anakula bure.

Kitambaa kilipofunguliwa, Mpole alijikuta kwenye sebule iliyofungwa mapazia. Zulia jeusi, ukuta hadi ukuta. Printa mbili juu ya meza ndefu, taa zao nyekundu zikipepesa. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye suti ya krimu na viatu vyeupe pe.

“Wameniletea mwanamke,” alisema Daktari.

“Shikamoo, bosi.”

Hakuitikia. “Hizi takataka zimegoma. Ziwashe.”

Mpole akainamisha kichwa, akachungulia chini ya printa ya kwanza, akapitisha kidole. Kidole kikatoka cheusi.

“Bosi, kaunta ya hii ilishawahi kurudishwa sifuri?”

“Mara kibao. Kuna programu ya bure kwenye mtandao. Leo imekataa.”

“Na sponji mlibadilisha?”

“Sponji ya nini?”

Mpole alimtazama. Mtu huyu alikuwa na saa ya Rolex mkononi na hakuwahi kununua kipande cha sponji.

“Kaunta ni namba tu, bosi. Ukiirudisha sifuri, printa inadhani tumbo liko tupu. Wino wenyewe bado umo. Sponji mpya ninazo hapa kwenye mkoba, nipe muda kidogo nifungue chini—”

“Nimekuita unifundishe?” Daktari alimkatiza. “Mafundi wote wezi. Mnabuni vitu vya kubadilisha. Rudisha hiyo kaunta, nichape, uondoke!”

“Utamwagika.”

“Rudisha!”

“Sawa, bosi,” alisema Mpole. “Umesema mwenyewe.”

Akachomeka waya kwenye kompyuta yake ndogo. Mkuu akanong’ona sikioni: “Tumeizunguka nyumba. Uani hakuna lori, hakuna katoni, hakuna kitu. Tukiingia sasa tutatoka na kadi za harusi tena. Mzigo uko wapi?”

Mpole akakaza waya, Daktari akimsimamia kichwani.

Simu yake ikalia mfukoni mwa Tofali.

Daktari akainyakua, akasoma jina. “‘Mdogo wangu.’ Tusikie mdogo wako anataka nini.” Akaweka sauti kubwa.

“Dada!” Sauti ya mdogo wake ilikuwa imekauka kwa kulia. “Homa haishuki. Nesi anasema dawa iliisha jana, mzigo mpya unaingia leo saa nane, watamchoma hapo hapo. Mtoto anakuita, anasema mama mkubwa yuko wapi. Utakuja?”

Mikono ya Mpole ilibaki juu ya kompyuta. Mzigo mpya. Maji ya bomba, kwenye mshipa wa mtoto wa mdogo wake, na lebo bado haijachapwa.

“Nakuja,” alisema. “Usimruhusu mtu amguse mpaka nifike.”

“Lakini nesi—”

“Nimesema nakuja.”

Daktari akakata simu. Alikuwa anatabasamu, kwa upole kabisa, kama mgeni aliyeleta zawadi.

“Usihofu, fundi. Dawa itafika. Mimi mwenyewe nitahakikisha.”

Mpole alikuwa ameshawahi kuwachukia watu, ni sehemu ya kazi. Lakini huyu alizidi. Alitamani kumshindilia ile bisibisi kooni, palepale. Badala yake akabonyeza kitufe.

Kaunta ikarudi sifuri. Taa nyekundu zikazimika.

“Umeona?” alisema Daktari. “Sponji! Pumbavu.”

“Kichwa kimekauka, bosi. Lazima nikisafishe ndiyo rangi zitoke vizuri.”

“Safisha. Haraka.”

Akachagua usafishaji mzito, ule unaotema wino mwingi kuliko wote. Mashine zikakoroma. Akarudia. Akarudia tena. Kila mara wino uliteremka kwenye sponji ambazo zilikuwa zimeshiba zamani, na ulipokosa pa kukaa ukapenya chini, ukafuata mguu wa meza, ukazama kwenye zulia jeusi. Daktari alisimama palepale, kidevu juu, akiwafokea watu kwa simu. Wino mweusi juu ya zulia jeusi. Soli za viatu vyake zikaunywa taratibu.

Lebo zikaanza kutoka. Zilikuwa nzuri kweli. Daktari akazikusanya mwenyewe, maana hakumwamini mtu, akatoka nazo kwenye korido na kuufunga mlango.

Mpole akatupia mkoba begani, akamwonyesha Tofali mikono yake iliyolowa wino. “Kaka, naomba ninawe. Nitaharibu hizi karatasi za bosi.”

Tofali akafikiri. Lilikuwa jambo gumu kwake, likachukua muda.

“Twende. Usiguse ukuta.”

Korido ilikuwa na vigae vyeupe.

Nyayo nyeusi zilianzia mlangoni. Zilipita sinki, zikapita jiko, zikafika kwenye kabati kubwa la nguo mwisho wa korido. Zikaingia kabatini.

Hazikutoka.

“Mkuu,” alisema Mpole kwa sauti ya kawaida, “kabati lina njia. Wanatokea nyumba ya nyuma. Lori litakuwa mtaa wa pili.”

“Unaongea na nani?” aliuliza Tofali.

“Na bosi wangu.”

Mkono wa Tofali ulishuka kiunoni kwenye bastola yake ya Glock. Ulichelewa. Mpole alimpaka viganja viwili vya wino usoni, machoni moja kwa moja, kisha akamkita goti palipohitajika. Jitu likaanguka na kishindo. Bastola ikapata mmiliki mpya.

“Lala hapo. Ukiinuka nakutoboa.”

Akafungua kabati, akasukuma makoti pembeni. Ukutani kulikuwa na tundu la ukubwa wa mlango. Upande wa pili, vibarua wa Daktari walikuwa wanabandika lebo kwenye vichupa, ndoo za maji miguuni, lori limekinga mgongo getini na injini inanguruma.

“Mikono juu!”

Geti likang’oka. Vijana wa Mkuu wakamiminika. Dereva wa lori alishuka bila kuambiwa.

Daktari alibaki katikati, lebo kifuani, akitazama huku na huku.

“Nani kaniuza?” alipiga kelele. “Nani kanisaliti? Semeni!”

Mpole alimwelekeza chini kwa mdomo wa bastola. Daktari akatazama chini, kwenye viatu vyake vyeupe, kisha nyuma, kwenye nyayo zake mwenyewe zilizomfuata mpaka hapo.

“Nilikwambia utamwagika,” alisema Mpole.

Akampokonya simu yake iliyonyakuliwa sebuleni. Kisha akachukua sponji mpya mkobani, akamchomekea kwenye mfuko wa suti.

“Ya bure, bosi. Fundi mwizi kakupa.”

Saa nane ilipofika, dawa halisi kutoka ghala la serikali iliingia wodini kwa gari la idara. Mpole alikuwa mlangoni. Alikichukua kichupa mkononi mwa nesi, akakigeuza, akasoma lebo, akakinyanyua kwenye mwanga. Nesi akakasirika.

“Fundi, unajua kusoma hizo?”

“Kidogo. Sasa mchome.”

Mtoto akalia kwa sindano, kilio chenye nguvu, na kilikuwa kizuri kusikia. Mdogo wake akamshika mkono, kisha akauachia na kutazama kiganja chake.

“Dada, kazi gani hiyo inachafua hivi? Tafuta nyingine.”

“Nitaangalia,” alisema Mpole. Akageuka haraka kuelekea korido.

“Wewe!”

Mama wa usafi alikuwa amesimama na dekio. Nyuma ya Mpole, kwenye sakafu iliyodekiwa punde, nyayo nyeusi zilitoka mlango mkuu mpaka kitandani kwa mtoto.

“Nimemaliza kudeki sasa hivi! Huna macho?”

Mpole akazitazama nyayo zake.

“Samahani, mama.”

Akavua viatu, akavitupa kwenye pipa la taka, akachukua dekio mkononi mwa yule mama na kufuta nyayo zake moja moja, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kisha akamrudishia dekio, akatoka nje miguu mitupu, mkoba begani.