Aliyepokea Kodi ya Stara

Mkono uliopenya kwenye upenyo wa mlango ulikuwa umelowa. Stara aliuona mpaka kifundo tu. Akaweka rupia ya kodi kiganjani, akashtushwa na baridi yake. Dodoma nzima ilikuwa ikikohoa vumbi la kiangazi; Swedi kayapata wapi maji ya kuchezea?

"Ahsante, shemeji," ilisema sauti ya Swedi, mwenye nyumba. Nyayo za kuondoka hakuzisikia.

Hakuchungulia. Alikuwa amekaa eda. Mumewe Athuman alikufa kule Zuzu akilaza mataruma ya reli ya Mdachi, na mjane hajitokezi mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Basi kila mwezi ukiandama, jua likizama, inakuja hodi, unaingia mkono, inatoka kodi.

Kisha akaja askari. "Unaitwa barazani kwa akida. Swedi anakudai kodi tangu mumeo afe."

"Nimelipa yote!"

Askari alipogeuka, Jaha, jirani aliyekuwa akimtekea maji, alimvuta ndani. "Mwenzangu," alinong'ona, "mimi jua likizama nipo kibarazani kwangu, mlango wako nauona. Swedi sijamwona. Sijamwona mtu yeyote."

Haya, niambieni, ni haki gani hiyo? Mjane anatolewa eda kwa bunduki, anasimamishwa kati ya wanaume kama mbuzi wa mnada, kwa kuwa reli imefika na wafanyabiashara wageni wanatoa kodi maradufu kwa nyumba ileile ya tembe! Akishindwa analala nje. Ndugu zake wote wako Tabora. Hapa alikuwa na mume tu.

"Jibu madai," akida alisema. "Nani alimwona Swedi akipokea?"

"Bwana akida, ningemwonaje nami nipo eda? Niliuona mkono."

Watu wakacheka. Swedi akainua mikono yake yote miwili, mikavu, imepauka. "Ndiyo hii, shemeji? Au unao mwingine? Uite basi, uje utoe ushahidi!"

Kicheko kikapanda, na Stara akageukia mlangoni. "Uliyepokea kodi yangu," alipaza sauti, "njoo useme!"

Ikaanza harufu, harufu ya udongo ulionyeshewa mvua, mchana ule mkavu usio na wingu, ikaingia mlangoni ikawapita waliokaa chini mmoja mmoja, na kila iliyempita alinyamaza, mpaka askari pale kizingitini akawa anarudi kinyumenyume bila kujua anarudi, na hapo nje, karibu kabisa, sauti ya Swedi ikasema, "Hodi," ilhali Swedi mwenyewe ameketi mbele yao, mdomo kaufumba, jasho linamtiririka.

"Kodi nimepokea. Hadaiwi."

Kwenye mwimo wa mlango likajichora umbo la kiganja, la maji.

"Swedi," akida aliuliza kwa sauti ndogo, "umesema wewe?"

Swedi akatikisa kichwa.

"Madai yamefutwa. Mama, rudi nyumbani."

"Na mwezi ujao kodi nimpe nani?"

Akida hakumtazama. "Mpe huyo anayekuja kuichukua."

Hivyo ndivyo alivyoshinda. Nyumba ikabaki kwake, na watu wote wakaikimbia. Swedi akawa anapitia mtaa mwingine. Jaha alianza kuuacha mtungi mbali na mlango, kesho yake mbali zaidi, kisha hakuuleta. Eda ikaisha; hakuna mwanamke aliyekuja kumwogesha na kumtoa kama ilivyo desturi. Stara alijimwagia maji peke yake, akajifunga kanga safi, akakaa. Alipojaribu kujisemesha, sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Mwezi ukaandama.

"Hodi."

Mkono ukaingia. Akaweka rupia; vidole havikufumba. Rupia ikateleza ikaanguka sakafuni, na mkono ukabaki pale pale, wazi, ukidondosha maji, hauna haraka.

"Unataka nini?" alinong'ona.

"Stara," ikajibu nje, na safari hii sauti haikuwa ya Swedi. Ilikuwa ya Athuman.

Alijua si yeye. Alishamzika Athuman moyoni mwake, siku walipomletea shuka lake. Lakini tangu siku ile ya baraza hakuna kiumbe aliyemgusa, wala aliyemwita kwa jina bila kuogopa. Akanyoosha mkono wake, akauweka kwenye kile kiganja cha baridi.

Vidole vikafumba. Kisha, taratibu, vikaanza kuvuta. Na Stara, mshindi wa kesi, hakujishika mlangoni.