Lenzi ya Mtu wa Miwani

Mzungu mmoja wa mtaa wa Kimihurura alikuwa anahama, na vitu vyake vyote vilipangwa uani na vikaratasi vya bei. Watu walijaa kama kwenye ubatizo wa mtoto wa tajiri. Mama mmoja alikuwa amelikumbatia friji kama mume aliyerudi safarini. Katikati ya purukushani hiyo Iteka, fundi simu wa Gisimenti, akiwa na gauni la njano lililobana pale linapopaswa kubana, alikuwa ameshika ncha moja ya bomba refu jeupe. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa kijana mwenye shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe.

"Achia, dada. Hii nimeiona kwanza."

"Umeona nini? Hebu niambie ni kitu gani."

Kijana aliyafinya macho. "Iko boila. Ya kuchemsha maji."

Iteka alicheka mpaka akakaribia kuachia. "Hii ni darubini, kaka. Ya kuangalia nyota."

"Basi chukua. Mimi nilitaka kuoga."

Alimbebea hadi barabarani, na walipofika barabarani namba ya simu ilikuwa imeshahama mfuko. Jina lake Mutsinzi, kinyozi. Saluni yake ilikuwa Gisimenti hapo hapo, hatua ishirini kutoka kibanda cha Iteka, na kwa miaka miwili Mutsinzi hakuwahi kumwona. Jambo hilo lilipaswa kumtia Iteka mashaka, lakini nani hutafuta mashaka huku anabebewa mzigo?

Mutsinzi alikulia Karagwe, Iteka alikulia Buyenzi kule Bujumbura. Kinyarwanda wakawaachia wateja na majirani. Kiswahili wakakifanya chumba chao cha wawili.

Mvua zilipopungua mwezi wa kwanza, Iteka alimwalika Gitega, mtaa wa mji huo huo, nyumbani kwa mama yake mdogo Gaudiose. Saa moja jioni darubini ilisimama nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Tangu ainunue, wanaume wawili waliomtaka walishasimama hapo kabla ya Mutsinzi. Wa kwanza, Clovis, aliuliza ikiuzwa italeta kiasi gani. Wa pili aliapa kwamba ameona nyota, kumbe ni taa ya jirani. Iteka hakutaka tajiri. Alitaka mtu atakayemwambia anachokiona.

"Ile ni Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote," alisema. "Pembeni yake kuna vinukta, ndiyo miezi yake. Niambie mingapi."

Mutsinzi aliinama, akakaa, akakaa sana. Halafu akatoa simu, eti mama amempigia, akasogea kwenye tangi. Aliporudi aliinama tena.

"Minne, mpenzi."

Ilikuwa minne. Moyo wa Iteka ulifunguka kama duka la asubuhi. Wiki iliyofuata ilionekana miwili, naye akasema minne. Iteka akacheka, akasema mapenzi yamempofusha. Kufikia mwezi wa pili siku ilikuwa imepangwa: Jumamosi ya mwisho, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wa Mutsinzi wangekuja Gitega kwa gufata irembo, ile safari ya kwanza ya kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Gaudiose alishaagiza vinywaji.

Kasoro ilikuwa kwenye lenzi ya jicho, kile kikombe kidogo cha kioo kinachochomekwa nyuma ya darubini. Iliyokuja nayo ilikuwa nyembamba. Kuangalia Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, kwa lenzi ile ni kama kuchungulia harusi kwenye tundu la ufunguo: ukimwona bibi harusi, bwana humwoni. Iteka alitaka lenzi ya uwanda mpana, azione nyota zote za Kilimia kwa mara moja. Rafiki yake Liliane, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa Dubai, na siku moja alipiga simu akiwa dukani, Iteka na Mutsinzi wakamsikiliza pamoja kwa spika.

"Ziko mbili," alisema Liliane. "Moja nyuzi themanini na mbili. Mpana huo, shoga, mpaka unageuza jicho kutafuta ukingo. Lakini jicho lazima libusu kioo. Nyingine nyuzi sitini na nane, ila unaangalia ukiwa mbali kidogo, kama upana wa kidole gumba."

"Chukua ya pili," alisema Mutsinzi.

"Ya pili ni ndogo," alisema Iteka.

"Inatosha. Na mtu mwenye miwani haivui."

Iteka aligeuka taratibu. "Nani ana miwani hapa?"

"Watu."

"Watu gani, Mutsinzi?"

"Wageni, sheri. Huwezi kujua nani atapita."

"Jamani, niko kwenye foleni," alisema Liliane. "Nichukue ipi?"

"Ya kwanza." "Ya pili." Walijibu pamoja.

Mwisho wa wiki hiyo Mutsinzi aliazima darubini, akairudisha Jumatatu, imefutwa vumbi vizuri. Lakini lenzi ya jicho ina kola ya mpira ya kuzuia mwanga wa pembeni. Asiye na miwani huiacha imesimama. Mwenye miwani huikunja, la sivyo inamsukuma nyuma. Iteka aliipapasa kwa kidole. Ilikuwa imekunjwa.

Akapiga simu hapo hapo.

"Ulikuwa na nani Jumapili?"

"Peke yangu."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu, Iteka. Nilikuwa peke yangu."

Aliapa bila kigugumizi, na hilo ndilo lililouma. Kuanzia siku hiyo Iteka aliona miwani kila mahali: kwa dada wa benki, kwa nesi, kwa msoma masomo kanisani.

"Ni mwanamke msomi, najua," alimwambia Gaudiose.

"Mwanamke msomi atafuata nini kwa kinyozi anayepindisha panki za wateja?" alisema Gaudiose, akiendelea kuchambua mchele. "Lakini kama ni kuvunja, vunja kabla ya Jumamosi. Mimi sitaki kuaibika na kreti za soda."

Jumatano Liliane akarudi, akampa kisanduku. Ndani mlikuwa na lenzi ya pili.

"Si nilisema ya kwanza?"

"Mutsinzi alinipigia mara tatu ananibembeleza. Nikadhani mmekubaliana."

Alhamisi mchana, jua likiwaka, Iteka alivuka barabara na kisanduku mkononi na maneno yote yamepangwa mdomoni. Pazia la saluni lilikuwa limefungwa. Saa sita mchana, pazia limefungwa. Alilivuta kwa nguvu mpaka ndoano moja ikaruka.

Ndani walikuwa wawili. Mzee Théoneste, baba mkubwa wa Mutsinzi, alikuwa kwenye kiti na povu mpaka shingoni. Mutsinzi alikuwa ameinama juu yake na wembe, na puani amevaa miwani minene yenye fremu nyeusi. Alipomwona Iteka aliing'oa, akaitumbukiza mfukoni mwa aproni.

"Rudisha miwani, kijana," alisema mzee, bila kufumbua macho. "Utanikata sikio."

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Ni yako?" aliuliza Iteka.

"Yangu. Tangu shule. Nani atakaa kwenye kiti cha kinyozi asiyeona?"

"Mimi nimekaa," alisema mzee.

Iteka alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba siku nne. Hapakuwa na mwanamke. Lakini pumzi ilipokwisha kutoka, jambo la pili likaingia mahali pake.

"Kwa hiyo Mshtarii hukuiona."

"Niliona kitu cheupe. Kama uji uliomwagika."

"Na miezi minne?"

Mutsinzi aliangalia wembe. "Simu. Niliandika, ikaniambia minne."

"Nilikuchagua kwa ile minne, Mutsinzi."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka hiyo lenzi. Nilivaa miwani Jumapili, nikajaribu na ile ya zamani, sikuona kitu. Nilitaka angalau mara moja nione unachoniambia."

Iteka aliweka pazia vizuri, ndoano kwa ndoano, akaondoka bila kusema Jumamosi ipo au haipo.

Usiku huo simu haikulia. Ijumaa asubuhi haikulia. Saa kumi na moja Iteka akapiga yeye.

"Uje saa moja. Na miwani."

Alikuja na shati lile lile la kitenge, miwani puani, anatembea kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Gaudiose alikuwa dirishani akijifanya anafunga dirisha. Lenzi mpya ilikuwa imechomekwa, na kola yake Iteka alishaikunja mwenyewe. Alishaangalia pia, kabla ya mgeni kufika, akahesabu.

"Mingapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

Mutsinzi aliinama. Mikono aliifunga mgongoni, mbali na mfuko wa simu. Aliangalia mpaka Gaudiose akachoka kufunga dirisha.

"Ni midogo hivi?" alisema. "Ni kama vumbi la sukari."

"Mingapi, Mutsinzi?"

"Mitatu. Simu inasema minne, najua. Lakini mimi naona mitatu. Mmoja kulia, miwili kushoto. Nikisema minne nitakuwa nakudanganya tena."

Ule mwezi mmoja uliobaki ulikuwa umejificha nyuma ya Mshtarii. Iteka alijua. Akaisogeza darubini pole pole mpaka Kilimia ikajaa yote ndani ya kioo.

"Angalia na hizo. Usihesabu." Halafu, alipomwona hasogei, akamgusa mgongo. "Kesho waambie wasichelewe."

Hawakuchelewa. Jumamosi, saa nane, watu wa Mutsinzi walifika Gitega wamevaa vizuri, naye katikati na miwani yake, shangazi zake wakinong'onezana ameanza kuivaa tangu lini. Msemaji wao alikuwa Mzee Théoneste. Aliomba kwa maneno matamu, akasikiliza majibu ya upande wa pili kwa makini, kwa masikio yake yote mawili.